Nani Ako na Huyu Mama?

Muda wote aliokuwa mume wa Sella, Shiundu hakuwahi kumpa mama mkwe wake mkono. Si kwamba walichukiana. Walipendana vizuri tu, kwa namna ya kwao, ambayo ni kutotazamana usoni, kutokula pamoja, na wakikutana njiani kila mmoja kugeukia upande wake kama aliyedondosha kitu. Mama Rasoa, huyo mama mkwe, alikuwa mtu wa Butere wa zamani, huko magharibi mwa Kenya ambako mama na mkwewe hukwepana kwa heshima. Alihamia Kibera, Nairobi, na adabu zake zote, na ingawa mtaani kwake Soweto West nyumba zimebanana hata ukipiga chafya jirani anakuambia pole, yeye alipata nafasi ya kumkwepa mkwewe. Shiundu akiingia, mama alikwenda nyuma ya pazia. Kukiwa na neno, lilipitia kwa Sella.

"Mama anauliza kama utakunywa chai."

"Mwambie mama nitakunywa."

"Mama, anasema atakunywa."

Haya yote katika chumba kimoja cha mabati, mama akisikia kila neno kabla halijaletwa. Aliyeona kichekesho hapo alikuwa Sella peke yake. Alicheka mpaka akaketi sakafuni, na wale wawili wakasubiri amalize ndipo mazungumzo yaendelee.

Kisha Sella akafa. Alikuwa anavuka barabara Kawangware kwenda kununua unga, pikipiki ikamgonga, na ikawa ndiyo basi. Walimpeleka Butere kwa kina Shiundu, maana mwanamke aliyeolewa huzikwa kwa mumewe. Mama Rasoa alifika asubuhi, akakaa katika hema la wakwe, mbali na kaburi, akaondoka jua likingali juu kwa sababu mama hawezi kulala katika boma la mkwewe. Watu walisema amejikaza sana. Watu husema hivyo wakiona mtu halii. Kisha wakaenda zao kula.

Shiundu alirudi Kawangware, upande wa Kongo, kwenye kibanda chake cha kushonea viti vya sofa. Mama akarudi Kibera. Na hapo ndipo ilipoonekana kwamba watu hawa wawili, waliobaki na huzuni moja, hawakuwa na njia ya kuongea. Njia yenyewe ndiyo waliyokuwa wameizika. Shiundu alikuwa akimtumia sukari na sabuni kupitia kwa Annet, jirani ya mama, naye mama akimrudishia salamu kwa Annet huyo huyo. Lakini Annet alikuwa na chapati zake za kupika, na salamu alizozileta zilikuwa zimepoa. Jioni Shiundu alifunga kibanda, akaingia chumbani, akawasha redio ili pawe na mtu anayesema. Alikuwa mpweke, tena ule upweke wa mtu anayejua kabisa aliye na dawa yake anakaa wapi, ila hawezi kwenda kuiomba.

Siku moja Annet alikuja mwenyewe mpaka Kongo, aproni bado ina unga.

"Shiundu, mama yenu ameacha kukula. Haongei. Anakaa tu kwa kitanda anaangalia ukuta. Kanisa wamekuja wamekemea mapepo mpaka wakachoka."

Walimpeleka hospitali. Huko walimtundikia maji, wakampa vidonge, wakangoja. Vidonge havikufua dafu. Mama alizidi kukauka, akawa hata mate anayameza kwa shida. Daktari Kimotho, kijana mpole mwenye miwani, akasema kuna matibabu ya kasi zaidi, na kwa mtu aliyefikia hapo hawana muda wa kubahatisha. Watampitishia umeme kidogo kichwani, akiwa usingizini, mara mbili kwa wiki mpaka akae sawa.

"Stima?" Shiundu aliuliza.

"Stima, lakini si kama ile unafikiria."

Alichofikiria Shiundu ni transfoma ya pale Kongo iliyolipuka wakati wa mvua ikaacha mtaa mzima gizani. Akampigia shemeji yake Naftaly, mtoto wa kiume wa mama, aliye Kitale na ambaye kila jambo la Nairobi hulijibu kwa maombi. Naftaly akasema, "Fanyeni vile daktari amesema, sisi huku tunaomba." Mama mwenyewe alipoulizwa aliinamisha kichwa mara moja, ndiyo. Kibera ikapata la kusema. Kuna waliosema akili zitachomwa, kuna waliosema atatoka hapo hajui hata jina lake, na wote walikuwa na binamu wa mtu fulani kama ushahidi.

Shiundu hakulala vizuri. Akifa huyu mama, aliwaza, hakuna tena mtu hapa Nairobi atakayejua Sella alikuwa nani. Nitabaki nikiwaeleza watu, nao wataitikia kwa adabu.

Baada ya siku chache, maji yakiwa yamempa nguvu kidogo ya kusimama, mama aliruhusiwa kutoka wodini, awe analala nyumbani na kuletwa kwa matibabu. Masharti yalikuwa mawili: asile wala kunywa chochote tangu usiku, na aje na mtu wake. La kwanza lilikuwa rahisi mno, kwa bahati mbaya. La pili ndilo lililoleta balaa.

Asubuhi ya kwanza Annet alimfikisha mama mpaka kwenye benchi nje ya chumba cha matibabu, akamwambia, "Shiundu ako hapo, mimi chapati zinaningoja," akakimbia. Shiundu kweli alikuwapo. Alikuwa ametangulia mbele hatua nyingi njia nzima, kama inavyopasa, na sasa alitafuta mahali ambapo mkwe anaweza kuketi bila kumkosea mama. Benchi lile lile? Haiwezekani. La mkabala? Hapo watatazamana. Akazunguka kona, akaketi karibu na dirisha la dawa, akaelekeza mgongo upande aliko mama. Alijiona mtu wa heshima sana. Akakaa hapo, katikati ya kelele za foleni ya dawa, akangoja.

Sista Nzuki, muuguzi wa chumba hicho, alitoka akaita, "Nani ako na huyu mama?" Akaita tena. Mama, ambaye hakuwa amesema neno kwa wiki kadhaa, hakuanza siku hiyo. Watu wa benchi wakatazamana, wakatikisa vichwa. Aliita mara ya tatu akielekea ndani, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa.

Shiundu alipochungulia konani jua lilikuwa kali, na korido imebaki tupu. Mama yuko pale pale, mikono mapajani, kitambaa cha kichwa kimelegea.

"Wewe ndio mtu wake?" Sista akamwuliza. "Umekuwa wapi? Nimeita mpaka sauti imeisha. Siwezi kulaza mtu usingizi na sijui nani atamrudisha nyumbani. Daktari wa usingizi ameshaenda!"

"Nilikuwa hapo kwa kona, Sista."

"Unafanya nini kwa kona?"

"Ni mama mkwe wangu. Nilikuwa nampa heshima."

Sista Nzuki ni Mkamba wa Machakos, na kwao pia mambo ya wakwe wanayajua. Hakucheka. Alimtazama Shiundu, akamtazama mama, na hasira ikamshuka kidogo. "Sikiza, ndugu," akasema. "Huyu mama hajakula tangu jana na leo ameketi hapa bure. Heshima yako imemgharimu. Akikosa hii matibabu tena sijui kama tutakuwa na mtu wa kuheshimu."

Maneno hayo yalimwingia. Safari ya kurudi Annet hakuwapo, na mama alitembea akiyumba, Shiundu akiwa mbele, akigeuka kila mara kutazama kama bado amesimama. Walipofika kwenye ule mtaro wa maji machafu wenye ubao wa kuvukia, mama alisimama. Hakuwa na nguvu ya kuinua mguu. Watu wakapita kando yao. Shiundu alisimama ng'ambo, mtu mzima mwenye ndevu, akiwaza sheria za Butere, kisha akarudi juu ya ubao na kumshika mama mkono. Ulikuwa mwepesi, mkavu, na ulifanana na wa Sella vidoleni. Hilo hakuwa amelitarajia, na akavuka akiwa anauma midomo.

Kuanzia hapo aliketi karibu naye, benchi moja. Safari iliyofuata Sista alipoita, "Nani ako na huyu mama?" alijibu "Mimi!" kwa sauti kubwa hata wengine wakashtuka.

"Haya, shika hizi," Sista akasema.

Akamwekea mkononi kitambaa cha kichwa cha mama, na juu yake meno ya bandia, maana mtu halazwi kwa dawa ya usingizi akiwa na meno ya kuvaa mdomoni. Shiundu akasimama koridoni ameshika meno ya mama mkwe wake. Kama wazee wa Butere wangemwona siku hiyo, wangemdai mbuzi, na pengine ng'ombe. Hakujua ayatazame au asiyatazame. Mwishowe alienda kwenye bomba la uani, akayaosha polepole kwa vidole, akayafunga ndani ya leso safi, akayaweka mfukoni karibu na kifua.

Ndani huko, Sista alimweleza baadaye, hakuna cha kutisha. Sindano ya usingizi, ya pili ya kulegeza misuli, kitu cha mpira mdomoni asijiume, hewa ya kupumua, halafu stima kwa muda wa kuhesabu moja mbili tatu. Vidole vya miguu vinatetemeka kidogo, vinatulia. Shiundu hakuona chochote. Alisikia tu gurudumu la kitanda likilia, kisha akaitwa chumba cha kuamkia.

"Atakuwa amechanganyikiwa kidogo," Sista akasema. "Usibishane naye. Mshike mkono ajue hayuko peke yake."

Mama alifumbua macho. Kichwa wazi, nywele nyeupe zimeshikana kwa jasho. Alimtazama Shiundu usoni moja kwa moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kijana," akasema, ulimi mzito. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa wiki nyingi. "Umekula?"

"Bado, mama."

"Na Sella ako wapi?"

Shiundu akatazama mlango. Sista alikuwa na mgonjwa mwingine. Usibishane naye, alikuwa ameambiwa. "Ako kazini," akasema.

"Huyo atachelewa," mama akasema, akafumba macho, na mkono wake ukabaki ndani ya mkono wa Shiundu.

Ndivyo ilivyoendelea. Wiki ya kwanza mama alikunywa uji. Kisha akala ugali kidogo na sukuma, Annet akapiga vigelegele mpaka majirani wakafikiri kuna harusi. Nyumbani bado alikuwa mkimya, na Shiundu akifika alikuwa anageuzia uso ukutani. Lakini katika chumba cha kuamkia, kwa muda ule mfupi kabla akili haijatua, alikuwa mtu mwingine. Aliongea. Mara alimwita Shiundu Naftaly, mara mwanangu tu. Alimsimulia jinsi Sella akiwa mdogo alivyokuwa akila udongo wa kichuguu, na alivyomficha jogoo wa mgeni chini ya kitanda ili asichinjwe, jogoo akawika katikati ya maombi. Shiundu alicheka hadi machozi. Naye akamsimulia mama jinsi Sella alivyokuwa akimpangia nyuzi za sofa kwa rangi, halafu anakosea makusudi ili amwone akikasirika. Mama akacheka bila meno, mkono mdomoni.

Zilikuwa dakika chache tu. Baadaye mama hakukumbuka hata moja. Shiundu alijua hilo, daktari alikuwa amemweleza kwamba siku za matibabu na miezi iliyo karibu nazo huenda zikafutika, nyingine zikarudi, nyingine zisirudi. Hata hivyo alianza kuzingojea siku zile. Alinyoa ndevu. Alivaa shati lililopigwa pasi. Kuna mtu duniani aliyekuwa akimtazama usoni na kumwuliza kama amekula, na alimpenda kwa hilo, na alijua pia kwamba kadiri mama alivyopona ndivyo siku hizo zilivyokwisha. Alimwombea apone. Halafu akatamani isiwe wiki hii.

Ilifika asubuhi moja, Shiundu ameketi kando ya kitanda kama kawaida, ameshaandaa kisa cha Sella na mbwa wa mwenye nyumba wao. Mama akafumbua macho. Akamwangalia. Kisha uso wake ukabadilika wote, akauvuta mkono kwa nguvu, akajifunika shuka mpaka juu ya kichwa.

"Sista!" sauti ikatoka chini ya shuka. "Nani ameniweka hapa kichwa wazi na mkwe wangu? Mtoeni!"

Sista Nzuki akaja mbio, akasimama, akacheka kwa furaha kama mtu aliyeshinda. "Daktari! Njoo usikie! Mama Rasoa amerudi!"

Shiundu alitoa meno mfukoni, akayaweka juu ya meza ndogo pamoja na kitambaa, akatoka kinyumenyume. Alizunguka kona, akaketi karibu na dirisha la dawa, akaelekeza mgongo. Alikuwa na furaha, kweli kabisa, asidhaniwe vingine. Ila alilia pia, na mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja dawa akamsogelea, akamwambia, "Pole kwa kufiwa." Hakuwa na nguvu ya kumsahihisha.

Matibabu yaliisha. Safari za mwisho Annet ndiye aliyempeleka mama, kwa amri ya mama mwenyewe. Shiundu alirudi kwa sofa zake na redio yake. Habari zilimfikia kama zamani, zimepoa: mama anafua, mama ameimba kanisani, mama amegombana na mwenye bomba la maji. Alipiga misumari, akashona vitambaa, jioni akafunga. Kongo nzima ilikuwa na kelele, na hakuna iliyokuwa yake.

Kisha Annet akaleta jambo jingine. Alilileta akiwa ameshusha sauti.

"Mama ako poa kabisa, lakini kuna kitu. Jioni namsikia huko ndani anaongea. Anaita Sella. 'Sella, hii chumvi inatosha?' Mimi naogopa kuuliza."

Shiundu aliacha nyundo hewani. Ako kazini. Huyo atachelewa. Alikuwa ameusema uongo ule zaidi ya mara moja, kwa kuwa ulimfariji mama, na, tuseme ukweli, ulimfariji yeye pia. Sasa stima imefuta kifo, na uongo wake umeota mahali pake. Mama anamngoja mtu arudi kutoka kazini. Nani atamweleza? Naftaly wa maombi? Ilikuwa lazima aende mwenyewe, amwue Sella mara ya pili mbele ya mama yake. Na baada ya hapo, kama mama ataacha tena kula, itakuwa ni juu yake.

Jumapili alasiri alikwenda Soweto West. Mlango ulikuwa wazi. Alipobisha alisikia nyayo za haraka na pete za pazia zikikwaruza. Aliingia, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango, akitazama nje kwenye ujia, kama alivyokuwa akiketi siku zote. Chumba kilinuka kunde.

"Sella," sauti ikatoka nyuma ya pazia, "muulize mume wako kama amekula."

Shiundu akasimama. "Mama," akasema, moja kwa moja, bila mtu wa kati. "Mama, nisamehe. Sella..."

"Sella, mwambie mume wako angoje, bado naongea."

Shiundu akashika fremu ya mlango.

"Mwambie mimi najua uko wapi. Nilikuwa Butere. Nilikaa kwa hema yao ya wakwe nikaona kwa mbali sanduku ikiteremka. Hiyo stima imetoa vitu mingi, hata Krismasi sijui ilipita aje. Lakini hiyo haikutoa." Akapumua. "Mwambie pia, hiyo hospitali siikumbuki vizuri. Wanasema kuna mtu alikuwa ananishika mkono. Siwezi kusema nakumbuka. Lakini meno yangu yalikuwa yanarudi yakiwa yameoshwa, na hao masista hawana wakati wa kuosha meno ya mtu. Mwambie nimesema asante."

Nje watoto walipita wakifukuza tairi. Shiundu alikuwa bado amesimama, mkono umeshika fremu ya mlango.

"Na kama anashangaa kwa nini naita wewe," mama akasema, "mwambie yeye ndiye mtu pekee nataka kuongea naye. Sasa nitaongea na yeye kupitia nani?"

Shiundu aliketi. Aliutazama ujia mpaka ukaacha kucheza machoni mwake. Tangu mazishi alikuwa ametaja jina la mkewe mara nyingi, lakini kumwita, hapana, hakuwahi kuthubutu.

"Sella," akaita. "Mwambie mama sijakula."

Sufuria ikagongana na mwiko. Muda kidogo ukapita, kisha pindo la pazia likainuka, na sahani ya ugali na kunde ikasukumwa sakafuni, polepole, mpaka katikati ya chumba.